Ladha ya kwenu iko mtaa wa pili: jinsi ya kula vizuri Eastlands

Mkazi wa Eastlands anayetamani chakula cha kwao hana haja ya kungoja Desemba apande basi la kwenda mashambani. Muthokoi upo. Mrenda upo. Mahamri ya pwani yapo, na anjera, na mbuta aliyekaangwa mpaka mifupa ikalainika. Vyote hivyo vinapatikana kati ya Kariokor na Kayole, mara nyingi kwa nauli ya matatu moja tu. Kinachowashinda wengi ni kutojua: chakula gani kinapatikana mtaa upi, kinaiva saa ngapi, na mtu ataangalia nini kabla ya kuketi katika hoteli ambayo hajawahi kuingia.

Hoteli hapa ni neno la kawaida la Nairobi. Chumba chenye meza za vigae na menyu ukutani ni hoteli, na kibanda cha mabati chenye benchi mbili na sufuria tatu pia ni hoteli, ijapokuwa vijana wanakiita kibandaski. Kanuni za usafi wa chakula zinavihusu vyote viwili.

Jinsi mitaa ilivyopata vyakula vyake

Chakula cha kuuzwa kando ya njia hakikuanza jana. Pumwani ilipoanzishwa miaka ya 1920 kuwa mtaa wa Waafrika, na baadaye serikali ya kikoloni na shirika la reli zilipoongeza nyumba za wafanyakazi upande huu wa mashariki, mpango ulikuwa mmoja: mwanamume aje mjini peke yake, afanye kazi, kisha arudi kwao. Vyumba vilijengwa kwa hesabu ya vitanda. Mke, watoto na jiko havikuwamo katika hesabu hiyo. Mtu aliyeamka alfajiri kwenda kazini na kurudi jioni amechoka alihitaji mtu wa kumpikia, na wanawake wa Pumwani na mitaa jirani wakaona nafasi ya kupata riziki. Walipika, wakauza. Mama wa githeri wa leo ni mrithi wao, hata kama hajui.

Mitaa iliyofuata ilikuja na vyungu vyake. Jina Kariokor limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi Waafrika waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Kariakoo ya Dar es Salaam ina asili hiyo hiyo. Burma, lile soko la nyama lililo karibu na City Stadium, lilipewa jina linalowakumbuka wanajeshi wa Afrika Mashariki waliopelekwa kupigana Burma katika Vita vya Pili. Kaloleni ilijengwa miaka ya 1940, na Makongeni ilikuwa ya wafanyakazi wa reli, wengi wao kutoka Nyanza na Magharibi. Ndiyo maana samaki na mboga chungu zilizoea kuta za mitaa hiyo mapema.

Kisha ukaja mwaka wa 1954. Tarehe 24 Aprili serikali ya kikoloni ilianza Operesheni Anvil, msako uliowaondoa Nairobi maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru. Vyumba na kazi walizoacha zilichukuliwa kwa sehemu kubwa na watu wa Ukambani, Nyanza na Magharibi. Baada ya uhuru wote wakakutana tena katika ua mmoja, bomba moja la maji, na jioni harufu za sufuria zikachanganyika. Mtoto aliyezaliwa Jericho au Maringo miaka ya 1970 alikua akijua ladha ya omena hata kama nyanya yake huko Murang'a hakuwahi kuiona.

Nyama: Kariokor, Burma na Kiamaiko

Anayetoka mjini kuelekea mashariki hukutana kwanza na moshi wa Kariokor. Huko nyama choma haiagizwi kwa sahani. Mteja huenda buchani, huonyesha kipande anachokitaka, kinapimwa mbele yake, kisha kinapelekwa motoni. Kungoja ni sehemu ya shughuli. Nyama ya mbavu inaweza kuchukua hata saa nzima, na anayeletewa baada ya dakika 10 ana haki ya kuuliza nyama hiyo ilikuwa wapi kabla hajafika. Huletwa juu ya ubao, ikakatwakatwa mezani, na chumvi pembeni, ugali na kachumbari.

Burma ni mahali pa nyama ya jumla, lakini wanaoijua huenda kwa ajili ya sehemu ambazo mabucha ya mitaa ya juu hayazithamini: kichwa, matumbo, miguu ya kuchemshwa kwa supu. Matumbo mazuri hujulikana kwa harufu. Yakioshwa vizuri na kuchemshwa kwanza peke yake, maji ya kwanza yakamwagwa, hubaki na harufu ya nyama tu. Yakiharakishwa, hata kitunguu na dania haviwezi kuyaokoa.

Kwa mbuzi, njia huelekea Kiamaiko, upande wa Huruma, ambako mbuzi hufika kutoka kaunti za kaskazini na kuchinjwa. Hapo na katika bucha lolote, jambo la kutazama ni mhuri wa mkaguzi wa nyama. Ni alama ya wino inayopigwa juu ya mnyama mzima baada ya kukaguliwa, na mwenye bucha mwaminifu hukata nyama akiacha mhuri huo mpaka mwisho, ili wateja wauone. Rangi peke yake haitoshi kuwa ushahidi. Mwaka wa 2019 Wakenya walishtushwa na habari kwamba baadhi ya wauzaji walikuwa wakiipaka nyama dawa ya kuifanya ionekane nyekundu na mbichi kwa siku nyingi. Nyama iliyochinjwa jana huanza kubadilika rangi kidogo. Inayong'aa kama rangi ya gari siku ya tatu ndiyo ya kutiliwa shaka.

Mutura una saa yake, nayo ni jioni, kuanzia kama saa kumi na moja watu wanaposhuka kwenye matatu. Ni utumbo uliojazwa nyama iliyokatwakatwa, damu, vitunguu na pilipili, ukachemshwa kwanza, kisha ukachomwa. Hatua ya kuchemsha ndiyo inayolinda mlaji, kwa sababu moto wa mkaa huunguza nje na kuacha ndani vuguvugu. Mkazi anayependa mutura hapaswi kuona haya kuomba kipande chake kipasuliwe katikati kwanza. Kikiwa chekundu na chenye majimaji, kirudi motoni.

Samaki wa Gikomba, na hadithi ya mgongo wazi

Gikomba wengi huijua kwa mitumba. Wapishi wa Eastlands huijua kwa samaki. Alfajiri, kabla mitumba haijafunguliwa, magari huwa yamekwisha shusha mizigo kutoka upande wa Ziwa Victoria, na wanawake wenye ndoo na mabeseni huchagua wakilalamika bei, kama ilivyo desturi. Kufikia saa nne asubuhi samaki hao wako kwenye karai za mafuta Kaloleni, Jericho, Dandora na kwingineko.

Ngege ndiye anayetamaniwa na wengi, akipikwa mzima na nyanya na kitunguu. Lakini chakula kilicho cha Eastlands kweli kweli ni mgongo wazi, na asili yake ni ya kustaajabisha. Mbuta hakuwa samaki wa Ziwa Victoria. Aliingizwa humo miaka ya 1950, akazaliana, akawameza wenzake wengi. Kuanzia miaka ya 1980 viwanda vya kando ya ziwa vilianza kukata minofu yake na kuiuza nje, hasa Ulaya. Minofu ikaenda kwa ndege. Kilichobaki ni kichwa, mkia, na uti wa mgongo ulioachwa wazi, na hicho ndicho walichouziwa watu wa ziwa lenyewe. Wapishi hawakukaa kulia. Walikausha juani, wakatumbukiza ndani ya mafuta ya moto, wakauza kwa bei ambayo mfanyakazi wa vibarua angeiweza. Nyama iliyo kwenye shavu na nyuma ya kichwa cha mbuta, wenye kujua husema, inaishinda minofu yenyewe.

Mgongo wazi unahitaji jicho la makini kuliko samaki mzima. Umeshikwa na mikono mingi, umesafiri mbali, na hauna ngozi nzima ya kuulinda. Mteja aangalie mambo mawili. Kwanza, harufu kabla ya kukaangwa: samaki hunuka samaki, lakini akinuka uchachu au harufu kali inayopanda puani, aachwe. Pili, mafuta. Mafuta yaliyotumika mara nyingi huwa meusi, mazito, yanatoa povu na moshi hata moto ukiwa mdogo, na samaki hutoka na ladha ya uchungu. Mpishi anayemwaga mafuta yake na kuanza mapya anaingia gharama kubwa, na wateja wanaomtambua kwa hilo ndio humwezesha kuendelea.

Kwa samaki mzima, swali moja linatosha, na linaulizwa kila siku bila kumkosea mtu heshima: "Mama, huyu ni wa leo?" Jibu zuri ni lile linalokuja pamoja na samaki mwenyewe: "Ni wa leo, mwanangu, mwangalie macho." Macho yawe maangavu na yamejaa, mashavu yawe mekundu ndani, na nyama ikibonyezwa kwa kidole irudi. Omena nao husafishwa kwa maji ya moto mara mbili au tatu hadi mchanga uishe. Hoteli yenye omena wa kusaga meno kwa mchanga imekwisha kujieleza.

Mahamri ya Majengo, anjera ya Eastleigh

Kutoka Gikomba hadi Majengo ya Pumwani ni mwendo wa miguu, lakini ladha hubadilika mara moja. Wakazi wa mwanzo wa Majengo wengi walikuwa Waislamu wenye lugha na desturi za pwani, na jiko lao lilibaki. Mahamri yenye iliki na tui hukaangwa asubuhi na mapema, na wanaofika saa tatu hukuta sinia tupu. Huliwa na mbaazi za nazi. Jioni ni zamu ya viazi karai, bajia na kaimati, na wakati wa Ramadhani barabara hujaa meza kabla ya magharibi. Ijumaa ni siku ya pilau na biriani. Mgeni wa imani yoyote anakaribishwa kununua. Katika mwezi wa Ramadhani adabu ni kubeba chakula nyumbani badala ya kula njiani mchana.

Eastleigh ilikuwa na wakazi Wasomali tangu zamani, lakini ilipanuka haraka baada ya serikali ya Somalia kuanguka mwaka wa 1991. Hoteli zake ni kubwa, zenye mwanga na pilikapilika, na mtu wa kutoka Kayole au Umoja anaweza kusita mlangoni akidhani si mahali pake. Aingie. Asubuhi aagize anjera, mkate mwembamba wenye vishimo vidogo juu, na suqaar, nyama iliyokatwa vipande vidogo na kukaangwa na mboga, au maini. Mchana ni wali na mbuzi, na ndizi mbivu itawekwa kando ya sahani. Ndizi hiyo si ya kumalizia mlo. Humenywa na kuliwa pamoja na wali, tonge kwa tonge, na wengi walioanza kwa kucheka wameishia kuitaka hata nyumbani.

Maziwa ya ngamia ni jambo jingine la Eastleigh, mengi yakitoka Isiolo. Yana ladha ya moshi kwa sababu vyombo vyake hufukizwa. Yakiwa mabichi yanaweza kubeba viini vya brusela, ugonjwa wa homa isiyoisha na maumivu ya viungo ambao mara nyingi hudhaniwa kuwa malaria au taifodi. Anayeyanunua ya kwenda nayo nyumbani ayachemshe. Anayeyanywa hotelini aulize kama yamechemshwa, au ayanywe ndani ya chai.

Githeri, muthokoi na mboga za kienyeji

Tarehe 8 Agosti 2017, siku ya uchaguzi mkuu, mpiga kura mmoja wa Kayole alipigwa picha akila githeri kutoka kwenye mfuko wa plastiki huku foleni ikisonga. Picha hiyo ilizunguka nchi nzima kabla ya jua kutua. Siku 20 baadaye marufuku ya mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilianza kutekelezwa. Githeri ilibaki. Sasa huliwa kwenye sahani au hubebwa ndani ya kontena la mteja mwenyewe, jambo ambalo lingefaa kuanza mapema.

Githeri ni chakula cha subira. Mahindi na maharagwe yanahitaji saa nyingi motoni, na wengi huyachemsha usiku ili asubuhi iwe ni kukaanga na kitunguu, viazi na karoti. Hapo ndipo kishawishi cha kufupisha safari huingia, maana mkaa ni ghali. Maharagwe mekundu yasiyoiva si tatizo la ladha pekee. Yana kemikali ya asili inayosababisha kutapika na tumbo kuuma saa chache baada ya kula, na huharibiwa tu kwa kuyaloweka, kumwaga maji hayo, na kuyachemsha kwa moto mkali. Kipimo ni rahisi: harage libonyezwe kwa ulimi dhidi ya kaakaa. Lisipovunjika, sahani irudishwe.

Muthokoi wa Wakamba ni mahindi yaliyokobolewa ganda lake, zamani kwa kinu na mchi, siku hizi kwa mashine. Kazi hiyo, pamoja na kuchambua punje zilizovunjika au zenye rangi ya ajabu, hufanya zaidi ya kulainisha chakula. Mwaka wa 2004 mahindi yaliyoota ukungu yaliwaua watu 125 kati ya 317 walioripotiwa kuugua, wengi wao Ukambani. Sumu iliyowaua, aflatoksini, haionekani wala haiishi kwa kuchemshwa. Kukoboa na kuchambua hupunguza sehemu yake, lakini hakuyafanyi mahindi yaliyooza kuwa salama. Kwa hiyo mwenye hoteli anayenunua mahindi ya bei ya kutupa baada ya mvua ajue anachokileta jikoni, na mteja akionja uchungu kwenye muthokoi au ugali asiendelee kula kwa kuona haya.

Mboga za kienyeji zimerudi kwa kishindo. Managu, saga, terere, kunde na mrenda, ambazo vijana wa mjini waliwahi kuziita mboga za wazee, sasa ndizo huisha kwanza. Managu na saga hutulizwa uchungu kwa maziwa, na mpishi mzuri huzichanganya kwa vipimo vyake asivyomwambia mtu. Swali la kuuliza hapa ni zilikolimwa. Kando ya mito ya Nairobi kuna mashamba yanayonyweshwa maji yaliyochanganyika na majitaka ya nyumba na viwanda. Vijidudu vinaweza kufa kwa moto. Madini mazito kama risasi hayafi. Wauzaji wa sokoni hujua mboga ilitoka wapi, na mpishi anayenunua kwa muuzaji yule yule kila siku atakuwa na jibu.

Kuingia hoteli mpya

Mkazi anayepita Umoja, Donholm, Komarock au Utawala leo huona hoteli mpya karibu kila mwezi: jiko la pwani, wali wa Kisomali, rolex ya Uganda ambayo ni chapati iliyoviringwa na mayai, samaki wa kupima, chipsi za kila aina. Nyingine hazina hata kiti. Hupika ndani ya nyumba na kupeleka kwa bodaboda. Baadhi zitakuwa bora kuliko zile zilizozoeleka. Baadhi zitafungwa kabla ya mwaka kuisha. Kuzijaribu ni raha, na pia ni kuwapa majirani riziki, mradi macho yawe wazi.

Kisheria, yeyote anayeuza chakula jijini anahitaji kibali cha biashara cha kaunti, na mahali pa kupikia lazima pakaguliwe na maafisa wa afya ya umma. Kila anayegusa chakula, kuanzia mpishi hadi anayepakua, anatakiwa kupimwa na kuwa na cheti cha afya, ambacho hurudiwa kila baada ya miezi 6. Vibali vinatakiwa kuwa mahali vinapoonekana. Mteja ana haki ya kuvitazama na kusoma tarehe. Tarehe ndiyo muhimu, kwa kuwa cheti kilichowekwa ndani ya fremu miaka mitatu iliyopita hakisemi lolote kuhusu mpishi wa leo.

Karatasi, hata hivyo, haipiki. Mwaka wa 2017 kipindupindu kilipozuka Nairobi hakikuchagua vibanda pekee. Kiliwapata pia watu waliokula mahali penye vitambaa vya meza. Kwa hiyo mkazi anashauriwa kutazama vitu ambavyo havidanganyi. Je, kuna maji yanayotiririka na sabuni, hata kama ni mtungi wenye bomba? Beseni moja la maji ambalo wateja kumi wananawa kwa zamu ni afadhali lisiwepo. Anayepokea pesa ndiye huyo huyo anayeshika chapati? Malipo ya simu yamesaidia sana hapa, lakini noti bado zinazunguka. Chakula kimefunikwa? Sufuria inatoa mvuke?

Mvuke ni jambo la kusisitiza. Chakula kilichopikwa kinatakiwa kikae na joto la zaidi ya nyuzi 60, au kipoe haraka na kuwekwa kwenye friji. Kikikaa vuguvugu zaidi ya saa mbili, vijidudu huzaliana. Wali na pilau ni wadanganyifu zaidi kwa sababu havinuki vikiharibika, na kuvipasha moto tena hakuondoi sumu iliyokwisha kutengenezwa. Ndiyo sababu hoteli iliyojaa watu saa saba mchana huwa salama kuliko ile tulivu yenye viti vizuri: sufuria zake hazipati nafasi ya kupoa. Kwa mara ya kwanza, basi, mkazi aende saa ya msongamano, aagize chakula ambacho wengi wanakula, na ajaribu sahani moja kabla ya kuleta familia nzima.

Kachumbari ndiyo mtihani wa mwisho. Haipikwi, kwa hiyo usafi wa maji, kisu, ubao na mikono huonekana humo wote. Kachumbari iliyokatwa mteja akiona ni dalili njema. Iliyolala ndani ya ndoo tangu asubuhi iachwe, hata kama nyama ni tamu. Juisi za kuchanganywa na maji huangukia hapo hapo. Kwa hoteli za simu zisizo na mahali pa kuketi, mteja aulize jiko liko wapi kabla ya kulipa. Mwenye jiko safi hufurahia swali hilo. Wengine hutuma picha bila kuombwa.

Anayeugua baada ya kula afike kituo cha afya mapema, hasa akiharisha maji maji, kwa kuwa kipindupindu humaliza maji mwilini kwa saa chache. Aseme alikula nini, wapi na saa ngapi. Malalamiko kuhusu hoteli hupelekwa kwa ofisi ya afya ya umma ya kaunti ndogo, iwe Kamukunji, Makadara, Mathare, Starehe au mojawapo ya zile tano za Embakasi. Kuyaandika mtandaoni peke yake huharibu jina la mtu bila kuwalinda wateja wa kesho, na wakati mwingine huharibu jina la asiyehusika.

Mpishi anapohama

Mitaa kadhaa ya zamani ya Eastlands imo katika mipango ya kujengwa upya, na nyumba za ghorofa zitachukua nafasi ya vyumba vya enzi za kikoloni. Mengi yamesemwa kuhusu wapangaji. Yaliyosemwa kuhusu wapishi ni machache. Kibanda cha kando ya ua hakina hati wala mkataba. Mtaji wake ni wateja 60 wanaojua kwamba Jumatano ni siku ya matumbo. Wateja hao wakitawanyika kwenda Kayole, Njiru na Ruai, mpishi hupoteza kila kitu kwa wiki moja, hata kama sufuria zake zote ziko salama.

Wapo waliokwisha kupata njia. Wapishi wenye vibali huweza kuomba nafasi katika masoko ya kaunti, na ombi huanzia kwa afisa wa biashara wa kaunti ndogo. Kuomba mapema ni bora kuliko kungoja tingatinga, kwa sababu nafasi hujaa. Wateja nao wana sehemu yao, na ni ndogo: namba ya simu ya mpishi iliyobandikwa ukutani, juu ya meza ya chapati, inakiliwe leo. Kibanda kikihama, namba haihami. Kuna chama cha wazee wa mtaa mmoja wa zamani ambao kila Jumamosi humpigia simu mama aliyehamia upande mwingine wa mji, wakamwambia ni sahani ngapi, na mmoja wao mwenye gari la mizigo huzichukua zote kwa safari moja.